Simu za ofisi mbili kuunganishwa kwa intaneti
Chama cha ushirika chenye ofisi mjini na ghala kijijini kinaweza kuunganisha simu zake kwa intaneti. Kila upande huwekwa mtambo mdogo wa simu. Mmoja hugeuza sauti kuwa vipande vya data, mwingine huvirudisha kuwa sauti. Karani hubonyeza namba fupi, kama 201, na simu ya ghalani inaita. Halipi kwa dakika. Kinacholipiwa ni intaneti. Sauti isiyobanwa huhitaji takriban kilobiti 90 kwa sekunde, kwenda na kurudi, hivyo mtandao ukisuasua maneno hukatika.

Umeme au intaneti ikizimika, simu hizo hunyamaza. Kwa dharura, simu ya mkononi isikosekane. Nywila nazo ziwe ngumu: wezi wakiingia hupiga simu nchi za nje, bili mkalipa ninyi.