Ziwa halilii kama bahari: historia ya kunasa sauti za maji Nyanza

Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alimaliza filamu ya The African Queen, hadithi ya mashua kuukuu katika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914. Sehemu kubwa ilipigwa Uganda na Kongo. Lakini pale Humphrey Bogart anapoonekana maji kiunoni, kamba mkononi, akiivuta mashua katikati ya matete, hayupo Afrika tena. Yeye na Katharine Hepburn waliingia kwenye birika la studio huko Isleworth, London, kwa kuwa maji ya huku yalihofiwa kwa magonjwa kama kichocho. Bogart alipata Oscar, na watazamaji wa nchi nyingi wakayajua maji ya Afrika kupitia birika la Uingereza.

Hofu ya kichocho ilikuwa na msingi. Aliyekulia Kisumu hahitaji kuelezwa. Linaloniuma ni kwamba ziwa letu, Ziwa Victoria, Nam Lolwe ya wazee, limepigwa picha mno kuliko lilivyosikilizwa.

Sauti nayo ina birika lake. Kazi ya kutengeneza sauti za filamu studioni imebeba jina la mtu, Jack Foley wa studio ya Universal, Marekani. Mwaka 1929 studio hiyo ilikuwa na Show Boat, filamu ya mashua ya maonyesho, iliyopigwa bila sauti wakati watu walikwisha kuzoea sinema zinazosema. Foley na wenzake walisimama mbele ya skrini wakatoa vishindo na makofi kwa kufuata picha. Ufundi huo ukarithishwa. Kwa vitu vyenye unyevu, fundi wa leo ana beseni, taulo lililoloa, matunda ya kupasua na mikono yake. Katika E.T. ya mwaka 1982, mwendo wa yule kiumbe ulipatikana kwa fulana iliyoloa, iliyojazwa jeli. Ni ufundi halali, na ninauheshimu.

Beseni linaweza kujifanya mto kwa sababu iliyoelezwa mwaka 1933 na Marcel Minnaert, mwanafizikia na mwanafalaki wa Utrecht, Uholanzi. Alionyesha kwamba mlio wa maji yanayotembea hutoka hasa kwenye viputo vya hewa vilivyonaswa ndani yake. Kila kiputo hubanwa na kutanuka upesi upesi, na ukubwa wake ndio unaoamua sauti. Chenye nusu kipenyo cha milimita 1 hutetemeka mara 3,300 hivi kwa sekunde. Cha sentimita 1, mara 330 hivi. Kasia likizamishwa kwa nguvu hufunika hewa nyingi na kutoa mlio mzito, na tone la mvua hutoa mlio mwembamba. Fundi mwenye mkono mzuri anaweza kupata viputo vya kila namna kwenye karai moja.

Ila kanuni hiyohiyo ya Minnaert inasema jambo ambalo wahariri wa filamu hulipita. Mlio wa kiputo hutegemea pia shinikizo la hewa. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake inakandamiza maji kidogo kuliko hewa ya Mombasa. Ukipiga hesabu, kiputo cha ukubwa uleule hulia Kisumu kwa sauti iliyo chini kwa karibu nusu toni, hata baada ya kuhesabu uzito wa maji ya chumvi. Kisha kuna chumvi yenyewe: viputo vya baharini haviungani kwa urahisi, hubaki vidogo na vingi, ndiyo maana povu la bahari huchacharika kwa muda mrefu. Katika maji baridi ya ziwa, viputo huungana, hukua na kupasuka mapema. Wimbi la Nyali, Mombasa, na wimbi la Dunga, Kisumu, ni sauti mbili tofauti. Anayetia mawimbi ya pwani chini ya picha ya Ghuba ya Winam, mkono wa ziwa letu, amekosea, na mvuvi wa Usenge atalijua kosa hilo kwa sikio hata akikosa maneno ya kulieleza.

Si kwamba vinasa sauti havikufika huku. Hugh Tracey, mwasisi wa maktaba ya muziki wa Afrika iitwayo ILAM huko Afrika Kusini mwaka 1954, alipita Kenya mwaka 1950 na 1952. Kapkatet, katika nyanda za Wakipsigis mashariki ya ziwa, alinasa wasichana wakiimba wimbo wa Chemirocha, na Waluo nao aliwarekodi. Lakini Tracey alikuwa na mazoea ya kushika maikrofoni mkononi na kuisogeza karibu kabisa na mwimbaji au ala. Kwa muziki ni mbinu bora. Kwa mazingira, kilichokuwa nyuma ya mwimbaji kilififia. Myles North, afisa wa utawala wa kikoloni nchini Kenya, alinasa ndege, akatoa sahani za santuri mwaka 1958 na 1964. Yeye naye alikuwa na jambo lake. Maji hayakuwa jambo la mtu.

Na muda wote huo ziwa lilikuwa likibadilika sauti. Meli ya mvuke William Mackinnon ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900, reli ikafika Desemba 1901, na Clement Hill ikafuata mwaka 1907. Baadaye zikaja injini za kufungwa nyuma ya mtumbwi, na kasia likabaki kwa safari fupi. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2, likameza fuo. Magugu maji yalionekana ziwani yapata mwaka 1990. Kufikia 1998 yalifunika hekta zipatazo 17,000 za Ghuba ya Winam. Zulia nene la majani hulitoa wimbi nguvu kabla halijagusa ufuo, kwa hiyo sehemu zilizozoea mchapo wa maji zilipoteza sauti hiyo kabisa. Mwezi Mei 2020 kipimo cha kimo cha ziwa cha Jinja, Uganda, kilifika mita 13.42, na maji yakaanza kugonga kuta za majengo mahali yalipokuwa yakipenya kwenye mafunjo.

Chini ya uso wa maji kuna historia nyingine. Mwaka 1826 Jean-Daniel Colladon na Charles Sturm walipiga kengele ndani ya Ziwa Geneva na kuisikiliza kutoka mashua nyingine zaidi ya kilomita 13 mbali. Walipata mwendo wa sauti majini wa mita 1,435 kwa sekunde. Maji ya Kisumu, yenye joto la nyuzi 25 hivi, hupitisha sauti kwa karibu mita 1,500, zaidi ya mara nne ya hewa. Kiboko hutumia njia zote mbili. William Barklow alichapisha mwaka 2004 utafiti unaoonyesha kwamba mnyama huyo, akiwa amezamisha sehemu ya kichwa, hutoa mlio unaosikika hewani na majini kwa wakati mmoja. Anayenasa viboko wa Hippo Point, Kisumu, kwa maikrofoni ya juu tu amechukua nusu ya mazungumzo. Anahitaji haidrofoni, maikrofoni ya kuzamishwa, na chombo kilichozima injini.

Vifaa hivyo sasa vinabebeka kwenye begi, na Afrika Mashariki ina masikio yaliyofunzwa. KMRU, mwanamuziki mzaliwa wa Nairobi aliyetoa albamu ya Peel mwaka 2020, amejenga jina lake duniani kwa sauti zilizonaswa mitaani na mashambani. Upande wa Nyanza kazi inaanza kwa kujua saa. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana hugeuka na kuleta mawimbi, na jioni radi huharibu mengi. Wavuvi wa omena, yaani dagaa, hufanya kazi usiku wa giza kwa taa. Hapo utapata wavu ukichuruzika maji, samaki wadogo wakirukaruka ubaoni, na kasia, kwa sababu karibu na taa injini huzimwa.

Kila sauti iandikiwe tarehe, saa, upepo, kimo cha maji na kiasi cha magugu. Bila maelezo hayo, msikilizaji wa miaka 40 ijayo hataweza kusema kama wimbi analolisikia liligonga mafunjo au ukuta wa hoteli.