Salford: Jiji Linaloililia Mitaa Liliyoibomoa

Oktoba 2022, kwenye mnada mmoja jijini London, mchoro wa L. S. Lowry uitwao Going to the Match ulinunuliwa kwa pauni milioni 7.8. Ni mchoro wa mwaka 1953. Unaonyesha umati wa watu wembamba, migongo imeinama kidogo, wakimiminika kutoka kila upande kuelekea uwanja wa mpira wa Bolton, na kwa mbali dohani za viwanda zikitoa moshi. Aliyeununua hakuwa bilionea mkusanyaji wa sanaa. Ni jumba la sanaa la The Lowry la mjini Salford, lililosaidiwa na mfuko wa hisani ili mchoro huo usije ukaishia ukutani mwa tajiri ambako umma usingeuona tena.

Lowry mwenyewe hakuishi kwa kuuza michoro. Tangu 1910 hadi alipostaafu mwaka 1952 aliajiriwa na kampuni ya nyumba za kupangisha, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kubisha hodi mlango kwa mlango kudai kodi. Watu aliowachora ndio aliowadai. Salford inayotamaniwa leo imepitia mikononi mwa watu wa namna hiyo: waliokuwa karibu na mtaa kiasi cha kuujua, na mbali kidogo kiasi cha kuweza kuutazama.

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda hajawahi kulisikia jina la Salford, ingawa amelisikia la Old Trafford tangu utotoni. Uwanja huo na Salford vimetenganishwa na mfereji tu. Salford na Manchester nazo zimetenganishwa na mto Irwell, mto mwembamba ambao mtu huuvuka kwa dakika moja bila kugundua kwamba amebadili jiji. Salford ilipewa hadhi ya kuwa jiji mwaka 1926, lakini mpaka leo wageni wengi huidhania kuwa kitongoji cha Manchester, jambo linalowaudhi wenyeji wake.

Pamba ndiyo iliyoijenga. Mwanzoni mwa karne ya 19 Salford ilikuwa mji mdogo wa watu kama 14,000. Kufikia sensa ya 1901 walikuwa wanakaribia 221,000. Walitoka mashambani Lancashire, walitoka Ireland wakikimbia njaa, wakajazana katika nyumba za matofali zilizoshikana ukuta kwa ukuta, vyumba viwili chini na viwili juu, choo uani. Mwishoni mwa 1842 alifika kijana Mjerumani wa miaka 22, Friedrich Engels, kufanya kazi katika kiwanda cha nyuzi ambacho baba yake alikuwa na hisa, eneo la Weaste, Salford. Mchana alishughulika na hesabu za kampuni. Jioni aliingia vichochoroni, akiongozwa na Mary Burns, mwanamke mfanyakazi mwenye asili ya Ireland. Kitabu alichokitoa mwaka 1845 kuhusu hali ya wafanyakazi wa Uingereza ndicho kilichoutangazia ulimwengu uchafu wa mitaa hiyo.

Engels hakutia chumvi. Mwaka 1842 ripoti ya Edwin Chadwick kuhusu afya ya wafanyakazi ilionyesha kwamba katika Manchester wastani wa umri wa kufa kwa familia za vibarua na mafundi wa viwandani ulikuwa miaka 17. Kwa familia za wasomi na matajiri wa mji huohuo ulikuwa miaka 38. Kilichoushusha wastani huo ni vifo vya watoto wachanga: walikufa kwa kuhara, surua na homa kabla hawajajua kutembea.

Minyororo ya pamba ilifika mbali, hadi kwetu. Mwaka 1902 wenye viwanda wa Lancashire, kwa hofu ya kuitegemea Marekani peke yake, waliunda chama cha kuhimiza kilimo cha pamba katika makoloni, makao yake yakiwa Manchester. Muda mfupi baadaye mbegu ziligawiwa kwa wakulima wa Uganda, na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia pamba ilikuwa imeshakuwa zao kuu la nchi hiyo la kuuzwa nje. Mwaka 1913 viwanda vya Uingereza, vingi vikiwa vya Lancashire, vilisafirisha nje yadi bilioni 7 za nguo. Havijawahi kufikia tena kiwango hicho.

Na bandari? Salford iko zaidi ya kilomita 50 kutoka baharini. Hilo halikuwazuia wafanyabiashara waliochoshwa na tozo za bandari ya Liverpool. Walichimba mfereji wa kilomita 58 wa kupitisha meli kubwa, Malkia Victoria akaufungua rasmi Mei 1894, na Salford, mji wa bara, ikapata magati, makuli, mabaharia na baa zao.

Mtaa wa kawaida wa Salford ulikuwa na saa zake. Alfajiri, kabla ya king'ora cha kiwanda kulia, alipita mwamshaji na fimbo ndefu yenye nyaya kwenye ncha, akigonga madirisha ya juu nyumba baada ya nyumba. Alilipwa peni chache kwa wiki na kila familia. Kisha zikafuata kelele za viatu vyenye soli za mbao zilizopigiliwa vyuma, mamia kwa mamia, zikigonga mawe ya barabara kuelekea upande mmoja. Katika kumbi za kufumia za Lancashire mitambo ilinguruma kiasi kwamba sauti ya mtu haikusikika, kwa hiyo wanawake walisemezana kwa midomo tu, wakiivuta na kuipanua kwa kila neno. Mazoea hayo waliyabeba hadi nyumbani, na yalifaa sana kwa umbea: habari nzito ilivuka ua bila watoto kuisikia.

Kipimo cha heshima ya mwanamke kilikuwa kizingiti. Kila wiki, na wengine kila siku, mama mwenye nyumba alipiga magoti mlangoni na ndoo ya maji, akasugua jiwe la kizingiti, kisha akalipaka rangi kwa kipande cha jiwe laini, jeupe au la rangi ya mchanga. Jiwe hilo hakulinunua. Alilipata kwa mchuuzi wa matambara na mifupa aliyepita na mkokoteni, kwa kubadilishana na nguo kuukuu. Masizi ya viwanda yangelirudisha jiwe kwenye weusi wake baada ya muda mfupi, na kila mtu alilijua hilo. Hata hivyo mwanamke ambaye kizingiti chake hakikusuguliwa alisemwa.

Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, na pia siku ya kwenda kwa mweka rehani. Suti ya baba iliyovaliwa Jumapili ilikunjwa, ikapelekwa kuwekwa rehani, fedha zikanunua chakula cha wiki, na Jumamosi baada ya mshahara suti ikakombolewa. Familia nyingine ziliizungusha suti moja hivyo kwa miaka.

Tunayajua haya kwa undani kwa sababu ya mtoto wa muuza duka. Robert Roberts alizaliwa mwaka 1905 katika duka la kona lililoendeshwa na mama yake, mahali ambapo kila mtu alifika kukopa. Kitabu chake The Classic Slum kilitoka 1971, wakati mitaa hiyo ikiwa inamalizika kubomolewa na watu wakiwa wameshaanza kuisimulia kwa machozi. Roberts hakulia. Alieleza kwamba maskini wa Salford walipangana kwa madaraja kama watumishi wa ikulu: wenye maduka na baa juu, kisha mafundi, kisha vibarua, na chini kabisa wale ambao hata duka la kona halikuwakopesha. Mama yake alilazimika kuamua ni familia gani ingeandikwa kwenye daftari la madeni na ipi ingeondoka mikono mitupu. Ujirani ulikuwepo, lakini ulikuwa na macho makali. Aliyepata mimba nje ya ndoa, au ambaye fanicha zake zilichukuliwa na wadai, alikiona cha moto.

Mdororo wa uchumi uliongeza mzigo. Oktoba 1931 maelfu ya wasio na kazi waliandamana hadi uwanja wa Bexley kupinga kupunguzwa kwa posho na maofisa kuingia majumbani kukagua mali za watu, na polisi wakawatawanya kwa virungu. Miaka miwili baadaye Walter Greenwood, mwana wa mtaa wa Hanky Park, alitoa riwaya ya Love on the Dole. Iligusa pabaya kiasi kwamba wakaguzi wa filamu waliikataa isitengenezwe kuwa sinema mwaka 1936. Ruhusa ilikuja wakati wa vita, na filamu ikatoka 1941.

Kisha, ndani ya miaka michache, Salford ikawa mandhari ya taifa. Mwaka 1958 Shelagh Delaney, binti wa miaka 19 kutoka Broughton, aliwashtua watazamaji wa London kwa tamthilia ya A Taste of Honey. Desemba 9, 1960 televisheni ya Granada ilianza kurusha tamthilia ya Coronation Street, iliyobuniwa na Tony Warren, kijana wa miaka 24 kutoka Pendlebury. Ilipangwa iwe na vipindi 13 tu. Vimeshapita 10,000. Mashujaa wake walikuwa wanawake wa makamo, wenye ulimi, wanaojua siri za kila nyumba, na Uingereza nzima ikaketi kuwatazama.

Tarehe hizo zina maana yake. Mtaa wa wafanyakazi ulipendwa kwenye skrini wakati uleule tingatinga zilipokuwa zinauvunja. Archie Street, ulioonekana katika picha za mwanzo za Coronation Street, ulibomolewa mwaka 1971. Hanky Park ya Greenwood ilikuwa imeshafutwa, mahali pake pakajengwa maghorofa na eneo la maduka. Mpiga picha Shirley Baker, mzaliwa wa Salford, alitembea katika vifusi hivyo kuanzia miaka ya 1960 akiwapiga picha watoto wanaobembea kwenye nguzo za taa na akina mama wamekaa mlangoni, huku nusu ya mtaa ikiwa imeshalala chini.

Si haki kusema ubomoaji huo ulikuwa wendawazimu. Nyumba nyingi zilikuwa na unyevunyevu na kunguni, hazikuwa na bafu, na waliohamia kwenye fleti mpya walifurahia maji ya moto na choo cha ndani. Kosa lilikuwa kuwahamisha watu kama mizigo. Bibi alipelekwa huku, binti yake kule. Duka la kona halikupewa nafasi kwenye ramani mpya. Ng'ambo ya mto, eneo la Hulme, Manchester, majengo makubwa ya umbo la nusu duara yaliyokamilika mwaka 1972 yalioza upesi kiasi kwamba katika miaka ya 1990 nayo yalivunjwa.

Wakati huohuo kazi zilikuwa zinaondoka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Uingereza, mama wa viwanda vya pamba, ilikuwa imeanza kuagiza nguo nyingi za pamba kuliko ilizouza. Meli za makontena zilikuwa kubwa mno kwa mfereji, na mwaka 1982 magati ya Salford yalifungwa. Leo hapo ndipo lilipo jumba la The Lowry, lililofunguliwa 2000, na ofisi ambazo BBC ilizihamia mwaka 2011. Ng'ambo ya maji hayohayo ipo seti ya Coronation Street, ambako watalii hulipa kiingilio ili wapite kwenye mtaa wa matofali uliojengwa upya kwa ajili ya kamera.

Katika kumbukumbu hizo wapo wanaosahaulika. Waireland walitukanwa kabla ya kukumbatiwa. Wayahudi waliokimbia Urusi walikaa Broughton, ambako jamii yao ingali kubwa. Mabaharia wa Yemen waliofanya kazi katika meli za Uingereza walikuwa na wenzao katika eneo hili, na wazao wao wako Eccles hadi sasa. Oktoba 1945 Jomo Kenyatta na Kwame Nkrumah walikaa Manchester, katika ukumbi wa Chorlton-on-Medlock, kwenye Kongamano la Tano la Umoja wa Waafrika. Mji wa wafanyakazi uliwapa waliotawaliwa mahali pa kukutana. Habari kama hizo hazitoshei vizuri kwenye picha ya mtaa wa Waingereza weupe watupu ambao milango yao haikufungwa.

Hamu ya zamani, basi, ni uongo? Hapana. Hakuna mzee wa Salford anayetaka kurudishiwa choo cha uani. Wanachokililia ni vitu vinavyotajika: kazi ambayo mtoto wa miaka 15 aliweza kuipata umbali wa kutembea, kodi iliyolipika, na shangazi wa mtaa wa tatu. Vyote vilikuwepo pamoja na kifua kikuu na rehani, na vilivunjwa kwa maamuzi ya mabaraza na makampuni, si kwa majaliwa. Mwaka 2024 klabu ya vijana ya Salford Lads Club, iliyofunguliwa 1904 katika mitaa ya Ordsall, ilikaribia kufungwa kwa ukata. Michango ya umma ikafikisha pauni 250,000 zilizohitajika, na watoto wa leo, wasichana kwa wavulana, bado wanaingia humo kucheza.

Shabiki wa mpira atakayejaliwa kufika Old Trafford asiishie kwenye duka la jezi. Avuke mfereji aende barabara ya The Crescent, Salford, kwenye Maktaba ya Vuguvugu la Wafanyakazi, iliyoanza kama mkusanyo wa vitabu wa mume na mke, Eddie na Ruth Frow, nyumbani kwao. Humo zimo kumbukumbu za vyama vya wafanyakazi, za migomo na za maisha ya watu wa kawaida. Aanze na kitabu cha Roberts, kisha ndipo aende akaitazame michoro ya Lowry.