Vifo Vingapi Kati ya Wagonjwa Wangapi? Funzo la Jedwali la 1863

Ndugu msomaji, hospitali mbili zikiwekwa kwenye mizani, utajuaje iliyo bora? Mwenye haraka atahesabu vifo na kuisifu yenye vifo vichache. Historia ya Uingereza yatuonyesha kuwa mizani hiyo yaweza kuwatatiza hata wajuzi.

Wengi wanamfahamu Florence Nightingale kama muuguzi wa askari katika Vita vya Krimea. Wachache wanamkumbuka kama mwanatakwimu. Aliona kwamba kila hospitali iliandika kumbukumbu zake kwa namna yake, hivyo hazikuweza kulinganishwa. Mwaka 1860 pendekezo lake liliwasilishwa katika mkutano wa kimataifa wa takwimu uliofanyika London. Alitaka hospitali zote zitumie fomu za aina moja, zikionyesha waliolazwa, waliopona, waliofariki na muda waliokaa wodini.

Mwaka 1863 alitoa toleo la tatu la kitabu chake kuhusu hospitali. Ndani yake mlikuwa na jedwali la hospitali 106, lililotokana na kazi ya William Farr, mtakwimu wa ofisi ya serikali iliyosajili vizazi na vifo. Hospitali 24 za London zilionyeshwa kuwa na vifo asilimia 90.84, ilhali hospitali 25 za mikoani zilikuwa na asilimia 39.41. Kwa Nightingale, aliyetaka hospitali zijengwe penye hewa safi na nafasi, tofauti hiyo ilikuwa hoja nzito dhidi ya msongamano wa mjini.

Je, ni kweli kwamba kati ya wagonjwa kumi walioingia hospitali za London, tisa walifariki? La hasha. Kumbuka somo la sehemu: juu huwa na kiasi, chini huwa na asili. Kiasi kilikuwa vifo 3,828 vya mwaka mzima wa 1861. Asili ilikuwa wagonjwa 4,214 waliokuwa wamelazwa siku moja tu, tarehe 8 Aprili. Tuseme kitanda kimoja hupokea wagonjwa kumi kwa mwaka, mmoja baada ya mwingine, na mmoja wao akafariki. Ukigawa kwa wagonjwa, vifo ni asilimia 10. Ukigawa kwa yule aliyekutwa kitandani siku ya kuhesabu, ni asilimia 100!

Madaktari walipinga vikali katika majarida yao. Walisema asili iwe wagonjwa wote waliolazwa mwaka huo. Waliongeza kuwa hospitali za London zilipokea wagonjwa mahututi zaidi. Farr naye alikuwa na hoja: ukihesabu waliolazwa pekee, hospitali inayowatoa wagonjwa mapema itaonekana bora kuliko ilivyo, kwa kuwa watafia nyumbani.

Usione vyaelea, vimeundwa. Kila takwimu ina aliyeiunda, naye alichagua cha kuhesabu na cha kugawia. Hospitali ya rufaa, inayopelekewa wagonjwa walioshindikana kwingine, yaweza kuwa na vifo vingi kuliko zahanati ya kijiji huku wahudumu wake wakitenda kazi iliyotukuka. Kuinyima fedha au kumfukuza mganga mkuu wake kwa sababu ya tarakimu moja ni kuwaadhibu wanaopokea mzigo mzito zaidi.

Hata hivyo, tusiache kupima. Ubishi ule uliwezekana kwa sababu idadi ziliwekwa hadharani, na kila aliyetaka aliweza kuzikokotoa upya. Basi, raia mwenzangu, siku utakaposomewa taarifa ya hospitali ya wilaya yako, nyanyua mkono uulize: vifo hivi ni kati ya wagonjwa wangapi, walifika wakiwa na hali gani, na walioruhusiwa wamefuatiliwa? Taarifa inayoficha majibu hayo haijakutendea haki, hata ikikusifia hospitali yako.