Usumbufu Wetu na Dhuluma ya Jirani



Sisi wakaaji wa Plateau, hapa karibu na Eldoret, tunajua sana kunung'unika. Mvua ikinyesha, njia ya shambani inageuka tope na trekta linakwama. Isiponyesha, mahindi yananyauka. Stima ikipotea jioni, hakuna nyumba isiyolalamika. Hatusemi kwamba mambo haya ni bure, yanachosha kweli. Lakini leo tunataka kuyatia katika mizani, na mizani yetu ni mambo yaliyotokea hapa hapa Uasin Gishu mwanzoni mwa mwaka wa 2008.

Hebu tukumbuke. Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30, ghasia zikalipuka. Barabara zikazibwa kwa mawe na magogo, maduka yakafungwa. Petroli ikaadimika, kadi za simu zikaadimika. Hata Uganda, ambayo mafuta yake hupitia kwetu, ilipata shida. Nasi tukalalamika. Tulihangaika kutafuta kadi ya simu kama mtu anayemtafutia mgonjwa dawa.

Siku zizo hizo, tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa, karibu na mji wa Eldoret, watu waliokuwa wamekimbilia kanisa la Kenya Assemblies of God walichomewa humo ndani. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Mamia ya maelfu wengine waliyahama makwao.

Basi, ndugu, tofauti iko wapi? Kukosa petroli kulitupata sote, wala hakukumwuliza mtu jina lake. Tena kulipita, baada ya majuma machache tulikuwa tumesahau. Lakini dhuluma ilimwuliza mtu jina lake kwanza. Ilimchagua kwa kabila lake, ikamnyang'anya kitu ambacho hakuna duka linalokiuza: mtoto, mama, nyumba, na imani yake kwa jirani aliyezoea kumwazima jembe. Na jambo la kututia haya ni hili: lile gogo lililotuzuia sisi kwenda sokoni ndilo lililomzuia mwingine kuokoa maisha yake. Sisi tuliliona gogo, hatukumwona yeye.

Wala dhuluma hiyo haikuota usiku mmoja kama uyoga. Wakati wa ukoloni ardhi yetu ilitwaliwa na walowezi. Baada ya uhuru mashamba mengi yakauzwa, na watu wa makabila mbalimbali wakanunua na kukaa pamoja. Manung'uniko ya nani mwenyeji na nani mgeni hayakumalizwa, na wanasiasa wakayachochea. Mapigano yalikuwa yamezuka katika Bonde la Ufa tangu mwaka wa 1991. Kila mara moto ulipotulia, wengi wetu tulishukuru kwamba njia zimefunguka, tukarudi kwa shughuli zetu. Hatukuuliza ni nani hawezi kurudi kwake.

Lakini wako waliouliza. Marehemu Askofu Cornelius Korir, aliyeongoza Jimbo Katoliki la Eldoret tangu 1990 hadi alipofariki Oktoba 2017, alifungua uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, na watu wapatao elfu kumi wakapata kimbilio humo. Fikirini maana ya jambo hilo. Watu elfu kumi wanataka maji, kuni, vyoo, uji wa watoto na mahali pa kulaza wagonjwa. Nani anayependa usumbufu wa namna hiyo mlangoni kwake? Lakini bila usumbufu huo wangekwenda wapi?

Hapa ndipo tunapopata fundisho letu. Usumbufu ule tunaoukimbia mara nyingi ndio bei ya kumsaidia aliyedhulumiwa. Yule Msamaria tunayesoma habari zake katika Luka, sura ya 10, naye alisumbuka. Alikatiza safari yake, akampandisha majeruhi juu ya mnyama wake, akatoa dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni na kuahidi kulipa zaidi. Kuhani na Mlawi hawakumpiga mtu yule. Walichofanya ni kukataa kusumbuka.

Tena kazi haikuisha bunduki na mishale ziliponyamaza. Kofi Annan aliwapatanisha wakubwa Nairobi, na mkataba ukatiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Huku mashinani, Askofu Korir na wenzake waliketi na vikundi vidogo vidogo vya wanavijiji, kwanza kila upande peke yake, halafu pande zote pamoja, watu wakitoa uchungu wao hadharani. Ilikuwa kazi ya mwendo wa kinyonga, isiyopigiwa makofi.

Ndugu zetu, hatusemi mtu asilalamike juu ya tope wala stima. Tunasema tu kwamba lalamiko lisiishie mlangoni kwetu. Njia ikifungwa, tuulize ni nani aliyefungiwa zaidi yetu. Jirani aliyerudi baada ya 2008 na kukuta shamba bila nyumba, je, tumewahi kuketi naye? Siasa zikianza tena kuuliza watu majina, je, tutafungua mlango, ama tutakwenda kutafuta kadi ya simu?

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa kupita kando. Utupe macho ya kumwona jirani, na moyo wa kukubali kusumbuliwa kwa ajili yake. Amina.