Poa, mhola, amahoro

Kwenye duka la vinywaji Mpanda mjini, kabla hujatoa hela, utaulizwa: "Baridi au ya moto?" Aliyejifunza Kiswahili vitabuni hushtuka. Nani anywe soda ya moto kwenye jua la Oktoba? Lakini muuzaji hajachemsha kitu. Soda ya moto ni ile iliyokaa kwenye kreti, haijapita kwenye friji, na wapo wanaoitaka hivyo hivyo kwa sababu ya kifua au meno. Kwetu moto ndiyo hali ya kitu kikiachwa peke yake. Baridi lazima ifanyiwe kazi, na umeme ukikatika, haipo.

Nadhani hapo ndipo tunapoachana na Waingereza. Kwao baridi huja yenyewe, bila kuitwa. Joto ndilo la kutafuta kwa kuni na makaa ya mawe. Ndiyo maana mtu mwema kwao ana moyo wa joto, muuaji ana damu ya baridi, na mgeni hupokewa kwa joto. Watangazaji wetu wameichukua hiyo ya mwisho nzima nzima, "makaribisho ya joto", na mimi kila nikiisikia natafuta kivuli. Mgeni wa Katavi huvutiwa kiti chini ya mwembe, akaletewa maji ya kunywa, ndipo aulizwe habari za atokako.

Kuna neno moja la Kiingereza, hata hivyo, linalokwenda kinyume na mkondo huo: cool. Lina ubaridi ndani yake, na bado ni sifa. Basi wapo wanaodai kwamba "poa" ya vijana wetu imeigwa huko, kwamba ni mtindo wa filamu na muziki wa Marekani uliovishwa kanzu. Anayedai hivyo apite sokoni Mpanda. Msukuma aliyeshuka na ng'ombe wake kutoka kaskazini, ukimsalimu kwa lugha yake, atakujibu "mhola". Katumba na Mishamo, makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, ambao wengi wao walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014, salamu ni "amahoro". Poa, mhola, amahoro: sauti ya p imegeuka h, l imegeuka r, lakini mzizi ni mmoja wa Kibantu, na maana yake ya kale ni kupungua joto, kutulia na kupona. Wazulu nao wana phola, na jeraha la Mzulu likipona linaelezwa kwa neno hilo hilo. Hakuna kijana wa Mpanda aliyemngoja mpiga saksafoni wa Marekani amfundishe kusema poa.

Mpiga saksafoni namtaja kwa sababu. Lester Young ndiye anayesifiwa mara nyingi kwa kulieneza neno cool miongoni mwa wanamuziki wa jazi, na Miles Davis alilibeba hadi kwenye jina la albamu iliyotoka 1957. Mwaka 1973 mtaalamu wa sanaa Robert Farris Thompson aliandika makala akieleza kwamba Wayoruba wana dhana ya itutu, ubaridi wa tabia: utulivu wa uso hata mambo yakiwa mazito, pamoja na ukarimu na uwezo wa kupatanisha. Aliona cool ya Wamarekani weusi inabeba urithi huo kutoka Afrika Magharibi. Namwamini. Ila njiani kitu kimepungua. Cool ya leo ni ya mtu mmoja na miwani yake myeusi, asiyeguswa na lolote. Upatanishi umebaki huku Afrika.

Poa yetu haijafika huko, kwa sababu inazaa poza. Anayepoa amepozwa na mtu, kwa maji, kwa maneno au kwa mbuzi. Wazee wakimaliza shauri la mifugo kuingia shambani, shauri ambalo Katavi halikosekani msimu wowote, hawasemi nani ameshinda bali kama mambo yamepoa. Neno hilo limepata na matumizi ya aibu: mpoze kidogo karani, faili lisonge.

Na joto lisipopata wa kulipoza? Nenda Ikuu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, mwishoni mwa kiangazi. Mto Katuma, ambao juu huko unachotwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga, hubaki madimbwi ya tope. Viboko hujibana humo kwa mamia, mgongo kwa mgongo, tope limewakaukia na kupasuka vipande. Madume huchanana kwa meno mchana kutwa, na mamba wamejificha kwenye mapango ya kingo. Hapo ndipo usemi wa ugomvi kupamba moto unapoonekana kwa macho.

Pwani walikuwa na hesabu nyingine, waliyoipata kwa tiba ya Kiyunani iliyopitia kwa Waarabu: kila chakula na kila mwili una joto au baridi yake, unyevu au ukavu wake. Asali ni ya moto. Dafu ni ya baridi. Hesabu hiyo imesahaulika bara, lakini jina la ugonjwa limebaki. Bibi wa Inyonga anayelalamikia baridi yabisi magotini anatamka, bila kujua, baridi na ukavu wa waganga wa Baghdad.

Limebaki vuguvugu. Katika Ufunuo, kanisa la Laodikia linakemewa kwa kuwa vuguvugu, na wafafanuzi hueleza kwamba mji wa jirani, Hierapoli, ulikuwa na chemchemi za maji ya moto yanayoponya, na Kolosai maji baridi ya kukata kiu. Laodikia haikuwa na moja wala lingine. Mtu wa Majimoto, kule Mpimbwe, hahitaji mfafanuzi. Ila katika siasa zetu neno hilo hilo ni la heshima: vuguvugu la mageuzi, vuguvugu la vyama vingi. Maji ya Laodikia yalikuwa yakipoa. Ya kwetu yako jikoni, yanaelekea kuchemka. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa 1991, ilikuta asilimia 20 tu ya waliotoa maoni wakitaka vyama vingi, lakini ikapendekeza viruhusiwe. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa, sufuria ikaepuliwa kabla haijafurika.