Swali la Cambridge, Mwaka 1785

Wanafunzi wa madarasa ya juu hupewa kazi ya kujichagulia wenyewe: kila mmoja hutafuta jambo moja linalowahusu watu wa dunia nzima, akalichunguza kwa majuma kadhaa, kisha akaliandika. Mwaka huu kijana mmoja aliniletea karatasi yenye kichwa hiki tu, "Utumwa Duniani." Nikamwuliza, "Utumwa upi, mwanangu?" Akajibu, "Wote, Mwalimu." Sikumcheka, maana hata sisi watu wazima twapenda sana mambo makubwa, kwa kuwa hayatulazimishi kumtazama mtu yeyote usoni. Nalimketisha nikamsimulia habari za mwanafunzi mwingine, nazo ndizo nitakazo kuwasimulia ninyi, wasomaji wapenzi.

Thomas Clarkson alizaliwa mwaka 1760 katika mji wa Wisbech, Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi na mwalimu mkuu wa shule. Kijana huyu alisoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, naye alikusudia kuwa kasisi vilevile. Ilikuwa desturi ya chuo kile kutoa tuzo kwa insha bora ya Kilatini, na mwaka 1785 aliyetoa swali ni Dakta Peter Peckard, msimamizi wa chuo kwa mwaka ule. Swali lilikuwa fupi: Je, ni halali kuwatia watu utumwani pasipo hiari yao?

Watu humtaja Clarkson, na Wilberforce humtaja zaidi, lakini mimi naona Peckard amesahauliwa bure. Mwaka 1781 mabaharia wa merikebu iitwayo Zong walikuwa wamewatupa baharini Waafrika zaidi ya 130, na wenye merikebu wakadai fidia ya bima kana kwamba wamepotewa na shehena. Mwaka 1783 Olaudah Equiano, Mwafrika aliyekuwa mtumwa zamani, alimpelekea habari hizo Bwana Granville Sharp, akazitangaza. Peckard alikuwa amekwisha kuuhubiri ubaya wa biashara hiyo kanisani. Sasa hakuhubiri. Aliuliza swali, akawaachia vijana walijibu.

Tazameni basi jinsi Clarkson alivyochagua. Swali halikutaja Afrika. Mtu angeweza kuzijaza kurasa zake zote habari za watumwa wa Wayunani na Warumi, akasifiwa kwa Kilatini chake safi. Clarkson aliwaandikia hao pia, lakini alitambua kwamba swali lahusu hasa biashara iliyokuwa ikifanywa siku zile zile, na merikebu za nchi yake mwenyewe. Alikuwa hajui habari zake. Ikampasa kutafuta. Alisoma karatasi za rafiki yake marehemu aliyekuwa katika biashara hiyo, akawauliza maofisa waliokwisha kufika visiwa vya West Indies. Na alipoona katika gazeti tangazo la kitabu cha Anthony Benezet juu ya nchi ya Guinea, akaenda mpaka London kukinunua.

Mwenyewe alikiri baadaye kwamba mwanzo alitaka sifa tu. Lakini kila alichosoma kilimwondolea furaha. Usiku aliuacha mshumaa ukiwaka chumbani, ili wazo likimjia aamke aliandike. Akashinda, akaisoma insha yake mbele ya chuo, kisha akapanda farasi kwenda London. Karibu na Wades Mill alishuka, akaketi kando ya njia kwa huzuni, akawaza: ikiwa mambo haya ni kweli, ni lazima atokee mtu wa kuyakomesha.

Insha nyingi za shuleni hufa siku ile ya kupewa alama. Hii ilitafsiriwa Kiingereza, ikachapwa mwaka 1786 na James Phillips, mmoja wa Wakwekeri. Tarehe 22 Mei 1787 watu 12 walikutana katika nyumba ya uchapaji ya Phillips, tisa wao wakiwa Wakwekeri, wakaunda halmashauri ya kuipinga biashara hiyo. Clarkson akatumwa kukusanya ushahidi. Katika bandari za Bristol na Liverpool aliwahoji mabaharia. Dukani Liverpool alinunua pingu, vyuma vya kubania vidole gumba, na chombo cha kupanulia kinywa cha mtu aliyekataa kula. Vitu hivyo viliuzwa waziwazi, kama majembe. Gatini pale watu walijaribu kumsukuma majini, akapenya katikati yao akaokoka. Kwa miaka saba alisafiri kama maili 35,000, zaidi juu ya farasi.

Halmashauri ikaeneza na mchoro wa merikebu Brookes, waonyesha watu wamelazwa ubavu kwa ubavu. Sheria ya mwaka 1788 iliiruhusu merikebu hiyo kuchukua watu 454. Kabla yake merikebu hiyo iliwahi kuchukua watu 609. Mwaka 1807 Bunge la Uingereza liliikataza biashara ya watumwa, na mwaka 1833 likapitisha sheria ya kuwaweka huru watumwa wa makoloni yake mengi. Clarkson alifariki mwaka 1846. Wakati huo pwani yetu watu walikuwa bado wakiuzwa. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa ila mwaka 1873, miaka 88 baada ya swali lile. Mwaka 1875 wamisionari wa C.M.S. wakaanzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ili watumwa waliookolewa wapate makao.

Nilipofika hapo kijana wangu aliinua kichwa. "Mwalimu, si ndipo Kengeleni? Mimi hupita pale kila siku." Nikamwambia ndipo, na kwamba jina latokana na kengele ya Freretown. Akaichukua karatasi yake, akakifuta kichwa cha kwanza, akaandika: "Watu walioletwa Freretown walitoka wapi, na wajukuu wao wakumbuka nini?" Jumamosi iliyopita aliomba ruhusa aende kwa bibi mmoja ambaye baba wa babu yake alishushwa kutoka katika jahazi la watumwa akiwa mtoto mdogo. Alikwenda na daftari na kalamu mbili, wala hajaniletea bado alichoandika.