Ndithini: Namna ya kukagua nyumba na kupunguza gharama ya kawi

WAKAZI wa Ndithini, katika eneobunge la Masinga, Kaunti ya Machakos, wanaishi jirani na chimbuko la umeme unaotumika kote nchini. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, ndilo ghala kuu la maji yanayoendesha mitambo ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere katika Mto Tana.

Hata hivyo, ujirani huo haujamwondolea mkazi mizigo miwili: joto la mchana ndani ya nyumba, na gharama ya umeme, kuni na makaa.

Mwaka 2009, kutokana na ukame, maji yalipungua bwawani hadi mtambo wa Masinga ukazimwa na taifa likaingia katika mgao wa umeme. Nyumba inayofuja kawi, basi, humwumiza mwenyewe kwanza, kisha taifa.

Aghalabu, anayetaka kupunguza gharama hukimbilia kununua paneli za sola. Huko ni kuanzia mwisho. Paneli zikiwekwa juu ya nyumba yenye kasoro, mwenye nyumba hununua kawi ya kulisha kasoro hizo. La busara ni kukagua, kurekebisha, kisha kununua.

UKAGUZI WA SIKU SABA

Ukaguzi wa nyumba ya kawaida hauhitaji mtaalamu. Kwa siku saba, andika yuniti zilizosalia kwenye mita, kila siku saa ile ile. Kisha zima vifaa vyote na utazame mita. Ikiendelea kuhesabu, kuna kifaa kilichosahaulika au hitilafu ya nyaya inayohitaji fundi wa umeme.

Kagua pia jokofu. Bana karatasi kwenye mlango wake na uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umechakaa na baridi inavuja.

Jikoni, pima kwa mizani kuni zinazotumika kwa siku. Wengi hawajui kiasi wanachochoma kwa sababu hawajawahi kukipima.

Mwisho, mnamo saa nane mchana, ingia kila chumba na uguse kuta kwa ndani. Tazama juu pia: je, kuna dari, au ni mabati matupu? Mabati yasiyo na dari hupokea jua na kumwaga joto moja kwa moja juu ya vichwa vya walio chini. Nyumba za kale za Wakamba zilizoezekwa nyasi nene hazikuwa na taabu hiyo.

MAREKEBISHO YASIYO NA GHARAMA KUBWA

Anza na yasiyodai fedha. Fungua madirisha usiku na alfajiri ili hewa baridi iingie, kisha funga mapazia ya upande wenye jua. Panda miti ya kivuli upande wa magharibi, ambako jua la alasiri hupiga ukuta.

Hatua ya pili ni balbu. Nyumba yenye balbu tano za kizamani za wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, hutumia yuniti 45 kwa siku 30. Balbu tano za LED za wati 9 zitatumia yuniti zisizozidi saba kwa muda huo huo, na mwangaza haupungui.

Hatua ya tatu ni paa. Weka dari, na uache matundu ya hewa chini ya kilele cha paa ili joto lipate pa kutokea. Rangi nyeupe juu ya mabati hurudisha sehemu kubwa ya jua, lakini iwe rangi isiyodhuru maji ikiwa familia hukinga mvua kwa kunywa.

Jikoni, kuni zilizopasuliwa na kukaushwa vyema, zikichomwa katika jiko lililoboreshwa, hupika zaidi na kutoa moshi mchache kuliko mafiga matatu. Aidha, jiko la makaa lisiwashwe katika chumba kilichofungwa, kwani hewa yake ya sumu huua.

ANAYEJENGA UPYA

Ndithini iko karibu na ikweta. Jua la adhuhuri huwa karibu utosini, nalo la asubuhi na la jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi. Kwa hivyo, pande ndefu za nyumba zielekee kaskazini na kusini, madirisha yawekwe huko, na upenu uwe mpana. Uamuzi huo hauna gharama ukifanywa kabla ya msingi kuchimbwa, baadaye hauwezekani.

Matofali ya kuchomwa hula miti mingi katika tanuri. Matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine hukomaa bila moto.

Vilevile, usisahau maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita mraba 60, mvua ikiwa milimita 500, hupokea lita 30,000, ingawa kiasi fulani hupotea njiani.

SHULE NA TAASISI

Kwa majengo makubwa, sheria imehusika. Kanuni za Usimamizi wa Kawi za mwaka 2012 ziliwataka wenye majengo na viwanda vinavyotumia zaidi ya yuniti 180,000 kwa mwaka kufanyiwa ukaguzi na mtaalamu mwenye leseni angalau kila baada ya miaka mitatu.

Jengo la Umoja wa Mataifa lililofunguliwa Gigiri, Nairobi, mwaka 2011 kwa wafanyakazi wapatao 1,200 ni mfano mzuri. Lina paneli nyingi za sola paani, lakini kwanza lilisanifiwa liangazwe na jua na lipoe kwa upepo, hivyo mahitaji yake yakawa madogo.

Utaratibu huo wafaa hata darasa la shule ya kijijini: mwangaza na upepo kwanza, mitambo baadaye. Anayeufuata atanunua paneli chache, na zitamtosha.